Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI: mama aliyejifungua kwa upasuaji asiruhusiwe bila karatasi ya kovu lake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), Mganga Mkuu wa Serikali, waganga wakuu wa mikoa na wilaya, na waganga wafawidhi wa hospitali na vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji.

Waheshimiwa, salaam.

Sisi ni wakunga na madaktari wa leba, theata na kliniki za wajawazito. Tunaandika kuhusu jambo linaloamuliwa kimya kimya siku mama anapofungasha kanga zake kurudi nyumbani baada ya upasuaji, nalo ni jinsi atakavyozaa mimba ijayo. Siku hiyo anapewa dawa za maumivu, tarehe ya kutoa nyuzi, na karatasi ya kuruhusiwa inayosema alijifungua kwa upasuaji, mama na mtoto wanaendelea vizuri. Mimba inayofuata anaanza kliniki nyingine, pengine wilaya nyingine, na hakuna anayejua kizazi chake kilikatwaje wala kwa nini. Mkunga wa zahanati anafanya analoweza. Anaandika "kovu" kwa wino mwekundu na kumwambia mama, wewe ni wa hospitali, wewe ni wa kisu. Ushauri umeishia hapo.

Ombi letu ni hili. Mama yeyote aliyejifungua kwa upasuaji asiruhusiwe kutoka wodini kabla hajakaa na mtu akamweleza uzazi wake ujao, na kabla hajakabidhiwa ukurasa mmoja unaoeleza kovu lake, uliosainiwa na aliyempasua. Mengine yote katika barua hii yanategemea ukurasa huo.

Ukubwa wa jambo mnaujua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 11 kati ya 100 huzaliwa kwa upasuaji. Ule wa 2015/16 ulionyesha 6. Muhimbili, hospitali inayopokea rufaa za nchi nzima, upasuaji ulipanda kutoka 19 kati ya 100 mwaka 2000 hadi 49 mwaka 2011. Wakati huohuo mwanamke wa Tanzania kwa wastani huzaa watoto karibu 5. Kwa hiyo mama anayepata kovu kwenye mimba ya kwanza ana safari ndefu mbele yake, na uamuzi wa mimba ya pili unabeba ya tatu na ya nne. Nchi ambazo wanawake wake huishia kwa mtoto wa pili zinaweza kulichukulia jambo hili kwa wepesi kuliko sisi.

Karatasi hiyo iandikwe nini? Kwanza, sababu ya upasuaji, kwa mwandiko unaosomeka. Mtoto aliyetanguliza makalio, kamba ya kitovu iliyotangulia mtoto, kondo la nyuma lililoziba njia, mapigo ya moyo ya mtoto yaliyoshuka: hayo yalikuwa ya mimba ile, na mimba ijayo huenda yasiwepo. "Nyonga ndogo" ni habari nyingine. Ndiyo sababu inayoandikwa kwa wepesi kupita zote, na ndiyo inayomfunga mama maisha yake yote. Mama aliyepasuliwa akiwa amefunguka sentimita 4, chupa haijapasuka, uchungu haujashika sawasawa, nyonga yake haijapimwa na kitu chochote. Huenda uchungu ulikuwa dhaifu, huenda mtoto aligeuza kichwa vibaya, huenda zamu ilichoka. Tunaomba basi pembeni ya sababu iandikwe mama alifunguka sentimita ngapi, kichwa kilibaki sehemu ngapi kati ya tano juu ya nyonga, chupa ilipasuka saa ngapi, aliongezewa uchungu au la, na mtoto alikuwa na kilo ngapi. Mistari miwili tu. Atakayeisoma baada ya miaka mitatu ataweza kutofautisha aliyefunguka sentimita 10 akasukuma kwa saa mbili bila kichwa kushuka, na aliyepasuliwa uchungu haujaanza kufanya kazi.

Pili, mkato wa ndani. Hapa tusisitize, kwa sababu kuna imani iliyoenea hata kwa watumishi kwamba kovu la nje linaeleza la ndani. Halielezi. Mshono wa ngozi uliosimama kutoka chini ya kitovu mara nyingi unafunika mkato uliolala salama sehemu ya chini ya kizazi. Na mshono mzuri uliolala juu ya kinena unaweza kufunika mkato uliosimama hadi juu, uliofanywa kwa sababu mtoto alikuwa njiti sana, au amelala kimkingamo, au uvimbe wa kizazi uliziba sehemu ya chini. Tofauti yake ni kubwa. Mkato uliolala sehemu ya chini uko mahali pembamba ambapo hapajibani kwa nguvu wakati wa uchungu. Huchanika kwa mwanamke takriban 1 kati ya 200 wanaojaribu njia ya kawaida. Mkato uliosimama sehemu ya juu uko kwenye nyama nene inayofanya kazi yote ya uchungu. Huchanika kwa 4 hadi 9 kati ya 100, na unaweza kuachia hata kabla uchungu haujaanza. Mama wa namna hiyo hatakiwi kusubiri uchungu nyumbani, wala kufika wiki ya 39. Apangiwe upasuaji kati ya wiki ya 36 na 37, na asikie hivyo tangu siku anatoka wodini. Mkato ulioongezwa kwa umbo la T, au uliochanika kuelekea shingo ya kizazi wakati kichwa kilichokwama kinatolewa, nao uandikwe. Usipoandikwa, unaondoka na aliyeuona.

Tatu, yaliyofuata: damu iliyopotea na iliyoongezwa, homa, usaha, mshono uliofumuka, kibofu kilichoguswa. Kundi la damu pia. Na mwisho mstari mmoja wa pendekezo, kwamba mama anaweza kujaribu njia ya kawaida hospitalini, au asijaribu, na kwa nini. Jina, cheo na saini viwe vya aliyeshika kisu, awe daktari bingwa, daktari au daktari msaidizi. Daktari wa mafunzo kwa vitendo anayejaza mafaili jioni hakuona kizazi, asiachiwe kukisemea.

Karatasi za kuruhusiwa hupotea. Kadi ya kliniki ya mtoto haipotei, maana mama anaihitaji kwa kila chanjo na kila kupima uzito, na wengi huitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti. Basi ukurasa huo ubandikwe ndani ya kadi ya mtoto, nakala ibaki kwenye faili, na mfumo wa kompyuta wa hospitali usikubali kumruhusu mama wa upasuaji kabla sehemu ya aina ya mkato haijajazwa. Hilo la mwisho ni kazi ya fundi wa mfumo, nalo litatusaidia kuliko semina kumi.

Sasa ushauri wenyewe. Maneno aliyoambiwa mama theatani akiwa amechomwa sindano ya mgongo, au saa chache baadaye akitetemeka, tusiyahesabu kuwa ushauri. Wakati mzuri ni siku ya pili au ya tatu, mpira wa mkojo umetolewa, ameshatembea, mtoto amenyonya. Dakika 20, kwenye kiti, pazia limefungwa, mkunga aliyeshika faili mkononi. Mama aondoke akiweza kusema kwa maneno yake mwenyewe kwa nini alipasuliwa, kama anaweza kuzaa kawaida safari ijayo, na asishike mimba kabla ya lini. Akishindwa kusema, tatizo liko kwa aliyeeleza, aeleze tena. Azungumze kwanza peke yake. Mume au mama mkwe aitwe baadaye akitaka mwenyewe, maana mara nyingi wao ndio watakaoshikilia nauli na uamuzi siku ya uchungu. Kauli ya "ulishindwa kusukuma" ipigwe marufuku wodini. Inamfanya mama mwingine ang'ang'anie kuzaa kawaida ili kufuta aibu mbele ya ukoo, na mwingine aogope uchungu hata pale ambapo angefanikiwa.

Mazungumzo hayo yarudiwe wiki ya sita, kisha hudhurio la kwanza la mimba mpya, kisha wiki ya 36 pale uamuzi unapoandikwa kwenye kadi pamoja na jina la hospitali atakayokwenda. Mara nyingi leo yanafanyika mara moja tu, mama akiwa na uchungu, mbele ya fomu ya ridhaa. Saini ya mtu anayebanwa na uchungu tunaijua thamani yake.

Takwimu za kumpa mama zinahitaji uangalifu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 unasema kati ya wanawake 100 wenye kovu moja wanaojaribu, 72 hadi 75 huzaa kawaida. Aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja hufikia 85 hadi 90. Namba hizo zinapendeza, lakini zimetoka kwenye leba ambako kila mama ana mashine ya kusikiliza mapigo ya mtoto muda wote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1997, uliojumlisha tafiti za Afrika kusini mwa Sahara, ulipata waliofanikiwa takriban 69 kati ya 100, si mbali sana. Ila kovu kuachia au kizazi kuchanika kulikuwa takriban 2 kati ya 100, mara nne ya ile 1 kati ya 200 tuliyoitaja juu, ambayo ni namba ya Ulaya. Miili ya wanawake wetu haina hitilafu. Pengo hilo tunalisoma hivi: kuna mama aliyechelewa kufika, mapigo yaliyosikilizwa kila baada ya saa mbili, na theata iliyosubiri mtoa dawa ya usingizi atoke nyumbani. Mama aelezwe namba zote mbili na aambiwe hospitali yake iko karibu na ipi.

Aambiwe pia kwamba upasuaji wa kupangwa nao una bei. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta takriban wanawake 5 kati ya kila 1,000 waliojifungua kwa upasuaji walifariki, kwa kutoka damu zaidi ya kitu kingine na kwa matatizo ya dawa ya usingizi. Na kila kovu linaloongezeka linasogeza hatari nyingine mbele, ya kondo la nyuma kuota ndani ya kovu na kukataa kutoka. Kwa mama ambaye kondo limetangulia na kuziba njia, utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006 ulikuta hatari hiyo ni 11 kati ya 100 akiwa na kovu moja, 40 akiwa na mawili, 61 akiwa na matatu. Kondo lililotangulia si la kila mama, lakini anayepatwa nalo akiwa na makovu matatu hutoka damu kwa lita, na mara nyingi kizazi hutolewa ili apone. Ndiyo maana kumpasua mama wa mimba ya pili "kwa usalama" bila kumuuliza anataka watoto wangapi ni kukopa kwa niaba ya mtu mwingine.

Msemo wa kwamba ukipasuliwa mara moja utapasuliwa daima una historia. Ulitoka kwa Edwin Cragin, daktari wa New York, mwaka 1916, enzi ambazo mkato wa kizazi ulikuwa wa kusimama, na alikuwa akiwaonya wenzake wasikimbilie upasuaji wa kwanza. Msemo umebaki, mkato umebadilika.

Nani ajaribu, basi? Mwenye kovu moja, la kulala sehemu ya chini, mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa, sababu ya kwanza haipo tena, hajawahi kuchanika kizazi wala kutolewa uvimbe ulioingia hadi ndani ya mfuko wa uzazi, na miezi isiyopungua 18 hadi 19 imepita kati ya upasuaji na siku anayotarajia kujifungua. Mtoto anayekadiriwa kuvuka kilo 4 anapunguza matumaini. Kuhusu makovu mawili, kuna nchi zinazoruhusu kujaribu chini ya uangalizi wa bingwa. Kwa leba zetu zilivyo usiku, sisi tunasema upasuaji wa kupangwa. Mwenye kovu asiyejulikana mkato wake tunalazimika kukisia kutokana na sababu na umri wa mimba ile, na kukisia huko ndiko tunakotaka kukukomesha.

Wapi ajaribu ni swali gumu zaidi, na hapa tunawalenga waganga wakuu wa wilaya. Serikali imejenga vyumba vya upasuaji katika vituo vingi vya afya, jambo jema. Lakini theata yenye mtoa dawa ya usingizi mmoja, anayelala nyumbani, bila damu kwenye jokofu, kwa mama mwenye kovu saa nane usiku ni jengo tu. Kizazi kikichanika, mtoto ana dakika chache. Kanuni ya dakika 30 kutoka uamuzi hadi mtoto kutoka ni ya kiasi cha chini, na muda wa kupiga simu na kutafuta ufunguo umo ndani yake. Tunaomba kila wilaya itoe kila mwezi orodha ya vituo ambavyo kweli vina mpasuaji, mtoa usingizi na damu saa 24, na ibandikwe kila zahanati. Kituo kisichokuwemo mwezi huo kisipokee uchungu wa mwenye kovu, hata kama kina bango la upasuaji getini. Mama anayekaa mbali ahamie nyumba ya mama ngojea, au kwa ndugu aliye karibu na hospitali, kuanzia wiki ya 38. Na wanaopokea simu za m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, kwa namba 115 wawe na swali la mapema kabisa: mama amewahi kupasuliwa? Jibu likiwa ndiyo, gari lisimpeleke kituo cha karibu, limpeleke chenye theata inayofanya kazi.

Ndani ya leba mambo yanayoharibika tunayafahamu vizuri. La kwanza ni misoprostoli. Dawa hii ipo kila mahali kwa sababu njema ya kuzuia damu baada ya kujifungua, na upatikanaji huo ndio mtego. Kwa mama mwenye kovu na mtoto aliyefika muda, isitumike kuanzisha uchungu, hata kipande. Kidonge kina mikrogramu 200. Dozi ya kuanzishia uchungu kwa asiye na kovu ni 25. Anayekigawa mara nane kwa wembe hajui ametoa kiasi gani, na dawa ikishayeyuka hairudishwi. Dripu ya kuongeza uchungu nayo huongeza hatari ya kuchanika mara mbili hadi tatu. Iamuliwe na daktari aliyemwona mama, aliyehakikisha hakuna kinachomzuia mtoto, akiwa hapo hapo hospitalini. Uchungu wa mwenye kovu ukisimama, swali la kwanza ni nini kimeuzuia, na mara nyingi jibu linaelekea theata. Pasipo budi kuanzisha uchungu, puto la katheta ya Foley (mpira wa mkojo wenye puto) ni salama zaidi ya dawa, nalo ni kwa hospitali yenye theata tayari.

Tuziulizie pia dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, zinazonywewa nyumbani kabla ya kuanza safari. Baadhi zina nguvu ya kubana kizazi, na kwa kovu ni dripu isiyohesabika matone. Anayeuliza kwa ukali atajibiwa hapana. Ulizeni kwa heshima, wiki ya 36, na bibi akiwepo itakuwa bora zaidi.

Mapigo ya moyo ya mtoto ndiyo dalili ya kwanza kubadilika kovu linapoachia, mara nyingi kabla ya maumivu. Yasikilizwe kila dakika 15 kwa dakika nzima mara tu uchungu unapoachia, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Mkunga mmoja mwenye mama sita hawezi kufanya hivyo; zamu isiyo na mkunga wa kukaa na mama huyu iseme mapema, apewe rufaa akiwa bado na sentimita 3. Awe na kanula nene mkononi, damu yake imepimwa na kuoanishwa. Chati ya uchungu ijazwe wakati huohuo, isijazwe asubuhi kwa kumbukumbu. Vinavyotakiwa kumuinua daktari kitini ni mapigo ya mtoto chini ya 110 au yanayoshuka kila baada ya uchungu, maumivu yasiyoachia kati ya uchungu na uchungu, uchungu uliokuwa mkali ukakoma ghafla, kichwa kilichoshuka kikapanda, damu ukeni au kwenye mkojo, mapigo ya mama yanayopanda. Kusubiri kovu liume ni kosa, kwa kuwa wengine haliwaumi kabisa. Na mtoto akishazaliwa vizuri, damu ikiendelea kutoka huku kizazi kimejibana kama jiwe, mfikirieni kovu pamoja na mchaniko wa shingo ya kizazi, msiongeze sindano za kubana tu.

Kwa anayechagua au kupangiwa upasuaji, ukiacha mwenye mkato uliosimama tuliyemtaja juu, tarehe iwe wiki ya 39, ikihesabiwa kwa kipimo cha ultrasaundi cha mapema kama kipo. Kabla ya hapo mtoto anaweza kuzaliwa na mapafu yanayosumbua, na chumba cha watoto wachanga kinajaa bila sababu. Aelezwe la kufanya uchungu ukimuanza kabla ya tarehe, maana wengi hukaa nyumbani wakisubiri siku waliyopangiwa. Kila mwenye kovu apimwe kondo liko wapi kuanzia wiki ya 32. Likiwa chini na mbele, juu ya kovu, asipasuliwe kituo cha afya. Aende hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda yenye damu ya kutosha na mpasuaji anayeweza kutoa kizazi, naye aende kabla hajaanza kutoka damu.

Uzazi wa mpango umo humu humu. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 ipite kabla ya kushika mimba nyingine. Kitanzi kinaweza kuwekwa kupitia mkato ule ule mara kondo linapotoka, au ndani ya saa 48. Kijiti kinaweza kuwekwa kabla hajaruhusiwa, na hakizuii maziwa. Mama anayerudi nyumbani bila njia na kuahidiwa "utaletewa wiki ya sita" wengine tunawaona tena mwaka huohuo wakiwa na mimba. Kufunga kizazi kuongelewe kliniki, mapema. Ridhaa yake isitafutwe mama akiwa mezani theatani, na ushauri usigeuzwe shinikizo kwa sababu tu ana makovu mengi.

Kuhusu usimamizi tutasema machache. Msiweke lengo la kupunguza upasuaji kwa jumla. Lengo la namna hiyo humfanya daktari asite kumpasua mama anayehitaji. Tumieni makundi ya Robson, yanayowagawa wanaojifungua kwa aina ya mimba na historia ya uzazi, ambayo Shirika la Afya Duniani limeyapendekeza tangu 2015, na mtazame kundi la tano, la wenye makovu. Ni wangapi walijaribu, wangapi walifanikiwa, wangapi walichanika, na kati yao wangapi walikuwa na karatasi. Bima zinazolipa upasuaji kwa bei ya juu na kulipa saa 12 za mkunga kwa bei ya chini zinajua zinanunua nini. Na vikao vya mapitio ya vifo visiishie kumtafuta wa zamu. Ulizeni mama huyo aliambiwa nini mara ya mwisho alipotoka wodini, na nani alisaini.

Ukurasa tunaouomba unaenea upande mmoja wa karatasi ya A4, kwa Kiswahili, na hauhitaji kingine zaidi ya mashine ya kudurufu na agizo lenye tarehe ya kuanza. Tunapendekeza hospitali za rufaa za mikoa zitangulie, kwa kuwa ndiko mikato migumu inakofanyika, kisha hospitali za wilaya, kisha vituo vya afya. Rasimu tuko tayari kuileta wizarani wiki mtakayotuita, pamoja na wakunga wa zahanati watakaoisoma, ili waseme wenyewe ni neno gani hawalielewi kabla halijachapwa.

Wenu katika kazi,

Wakunga na madaktari wa wodi za wazazi